Shajara ya mradi: laini irudi yenyewe, mimi nilale

Jumatatu, 3 Februari 2025

Usiku wa kuamkia leo nimeamshwa mara tatu. Saa nne na nusu ni mteja wa Kisauni: amelipa, neti haijarudi. Saa tano na robo mwingine wa Bamburi, shida ile ile. Wa tatu alipiga saa saba, na huyo hata kulipa hajalipa. Alitaka kujua kama akilipa wakati huo nitakuwa macho.

Basi naifungua shajara hii nikiwa na usingizi na hasira kidogo.

Mimi ni fundi wa mitandao, mwaka wa tisa huu, katika kampuni ndogo ya intaneti hapa Mombasa. Napanda minara, naelekeza antena, navuta faiba, napanga ruta za MikroTik, vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni. Wateja wetu ni mia sita na kitu. Wote wanaingia kwa PPPoE, yaani kila mmoja kwa jina na nenosiri lake, na wote wanalipa kwa M-Pesa, na kati ya M-Pesa na ruta hakuna kitu ila mimi. Ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu ya ofisi, dada wa hesabu anaunakili kwenye Excel, ananirushia WhatsApp, nami nafungua Winbox, programu ya kuendeshea ruta, natafuta jina, nabonyeza. Nimehesabu Januari yote: mara 212 nimemfungulia mtu laini kwa kidole changu, na 71 kati ya hizo ni baada ya saa mbili usiku.

Mbegu yenyewe ilipandwa mwaka jana. Jumapili ya 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na neti ikadorora Afrika Mashariki nzima, sikuwa na la kufanya. Kebo iko chini ya bahari, mimi niko Kisauni na koleo la kubania plagi za waya wa mtandao. Baadaye bosi akaamua kila mteja aongezewe siku mbili bure. Uamuzi wa haki, ila aliyeziongeza siku hizo ni mimi, mteja mmoja mmoja, jioni tatu mfululizo. Nilipofika kama jina la mia nne nikajiuliza ni nani aliyesema hii ni kazi ya binadamu.

Lengo: mteja akilipa, laini irudi ndani ya dakika moja bila mtu kugusa kitu. Muda niliojipa ni hadi mwisho wa Juni. Lugha ya programu ni Python, ambayo naijua ya kuombea maji. Lengo la pili sijalisema kazini bado: nina miaka 38 na goti la kushoto halitaki tena minara.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejenga maabara kwenye laptopu. MikroTik wana toleo la RouterOS la kuendeshwa ndani ya kompyuta, CHR, na leseni yake ya bure inabana kasi kwa Mbps 1 kila mlango. Kwa majaribio ya amri inatosha na kubaki.

Huko nyuma, nikitaka kuiamrisha ruta kwa skripti, nilikuwa naingia kwa SSH, njia ya kuandika amri kutoka mbali, naituma amri, halafu nachambua maandishi yaliyorudi kama mtu anayechagua mchele. Nafasi moja ikiongezeka kwenye toleo jipya, skripti imekufa. Nilidhani ni uzembe wangu, kumbe watu wa mitandao wamelia kilio hicho zamani. Kuna hati inaitwa RFC 3535, ya 2003, inayosimulia mkutano wa mwaka uliotangulia ambapo waendesha mitandao waliwaambia wabunifu waziwazi kuwa SNMP, njia ya zamani ya kuzungumza na vifaa, inafaa kuangalia mtandao, lakini kuupanga mtandao kwa SNMP hawawezi. Ndipo zikaja njia za kuupanga: NETCONF mwaka 2006, na RESTCONF mwaka 2017. Nimeisoma hati nzima nikiwa kwenye feri ya Likoni, foleni ilikuwa ndefu.

RouterOS 7 ina API yake ya REST, yaani mlango ambao programu huulizia na kuamrishia ruta kwa anwani za wavuti, chini ya njia ya /rest. Nimewasha www-ssl, huduma yake ya wavuti salama, nimetengeneza cheti, nimeunda mtumiaji asiye na ruhusa za ziada, na nimemfungia anwani aingie kutoka seva moja tu. Haya yote nayafanya nimefumba macho. Kigugumizi kinaanza ninapofungua faili tupu la Python.

Jumapili, 9 Februari

Siku nzima imeliwa na neno moja.

Nilitaka orodha ya wateja waliofungiwa. Ukituma GET, ombi la kusoma, kwenye /rest/ppp/secret, ruta inakuletea kila mteja pamoja na sehemu inayoitwa "disabled". Nikaandika: kama disabled, mhesabu. Maabara ina wateja ishirini wa bandia, watatu wamefungiwa. Programu ikasema wamefungiwa ishirini. Nikafungulia mmoja: ishirini. Nikawafungulia wote: ishirini. Nikazima CHR, nikaiwasha, nikanywa chai, nikarudi: ishirini.

Mtu wa mitandao akikwama hutafuta waya. Nikaanza kuchunguza pakiti, vile vipande vya data vinavyosafiri, kana kwamba jibu linaharibikia njiani kati ya laptopu na laptopu ile ile.

Magharibi ndipo nikaona. Katika JSON, muundo wa maandishi inaoutumia kujibu, RouterOS hurudisha kila thamani kama maandishi, hata namba, hata ndiyo na hapana. Kwa hiyo disabled haikuwa hapana. Ilikuwa neno "false", herufi tano ndani ya alama za kunukuu. Na Python ukiiuliza kama neno lenye herufi ndani yake ni kweli, inakujibu kweli, mradi si tupu. Yaani neno "uongo" ni kweli. Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Imeandikwa kwenye maelezo yao, sentensi moja, na niliipita mara mbili. Nimeandika kitendakazi kidogo kinachogeuza maneno hayo kuwa ndiyo na hapana mlangoni kabisa, kabla hayajaingia ndani ya programu.

Jumatano, 19 Februari

Fupi leo. Kumfungia mteja kwenye /ppp/secret hakumtoi aliyekwisha kuingia, anaendelea kutazama mpira wake hadi kikao kikatike chenyewe. Lazima pia ukifute kikao chake kwenye /ppp/active. Hili nalijua kwa mikono tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, na bado sikuliandika kwenye programu. Kwenye Winbox vidole vinafanya hatua ya pili vyenyewe, kichwa hakihusiki. Nadhani vitu vingi ninavyovijua viko vidoleni.

Jumamosi, 1 Machi

Daraja, API ya M-Pesa. Upande wa majaribio uko wazi kwa yeyote anayejisajili. Unasajili anwani mbili: moja ya uhakiki, inayoulizwa kabla pesa haijakubaliwa, na moja ya uthibitisho, inayoambiwa kwamba pesa imeingia. Ya uhakiki ni ya hiari na huombwa kando. Tokeni ya kuingilia inaishi sekunde 3599. Saa moja kasoro sekunde moja, kama mtu anayekupunguzia shilingi ili asionekane amekupa mia nzima.

Anwani yangu ya kwanza ilikuwa na neno mpesa ndani yake. Maelezo yanakataza maneno ya namna hiyo kwenye anwani. Sasa ni /malipo/uthibitisho, na kwa kweli inasomeka vizuri zaidi.

Kichekesho cha wiki ni hiki. Uthibitisho lazima ufike kwa HTTPS kwenye anwani inayoonekana duniani, na laptopu yangu iko nyumbani nyuma ya NAT ya mtoa huduma: wengi tunatumia anwani moja, na wa nje hawezi kutufikia. Mimi, ambaye kila siku nawaeleza wateja kwa upole kwa nini kamera zao hazionekani kutoka nje, nimekaa dakika ishirini nikijiuliza kwa nini ujumbe haufiki. Nimekodi seva ndogo nje na kuvuta njia ya SSH kutoka huko hadi mezani kwangu.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani. Naandika baada ya tarawehe, nyumba imetulia. Grafu ya mtandao mwezi huu imegeuka kichwa chini: mchana ni jangwa, saa nane usiku ni Ijumaa sokoni. Na malipo yanafuata grafu.

Leo nilijiuliza ujumbe mmoja wa malipo ukifika mara mbili itakuwaje. Sikusubiri utokee, niliutuma mwenyewe kwa curl, amri ya kutuma maombi ya wavuti, mara mbili. Mteja wa bandia akapata miezi miwili kwa malipo ya mwezi mmoja. Nikautuma mara kumi. Akapata hadi Januari.

Hapa nilijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nianze. Pakiti kufika mara mbili ni jambo la kila siku. TCP, kanuni inayosafirisha data kwa mpangilio, inaweka namba ya mfuatano kwenye kila kipande kwa sababu hiyo hiyo: anayepokea aseme hiki ninacho tayari, asante, asikile tena. Malipo nayo yana namba yake ya pekee, TransID. Nimeliwekea jedwali la hifadhidata yangu, PostgreSQL, sharti kwamba namba hiyo haiwezi kujirudia. Ujumbe wa pili ukija, hifadhidata inakataa, programu inajibu "nimepokea" kwa adabu, na siku haziongezeki.

Jambo la pili nimelifanya leo leo. Mwanzo nilikuwa napokea ujumbe, naenda kwa ruta, nafungua laini, ndipo najibu. Ruta ikichelewa, aliyetuma ujumbe anasubiri mlangoni. Sasa naandika malipo, najibu hapo hapo, na kazi ya kwenda kwa ruta inaingia kwenye foleni na kufanywa na programu nyingine.

Ijumaa, 28 Machi

Aibu, na naiandika yote.

Jana nimehamisha wateja halisi wa kwanza, mnara wa Likoni, watu 43. Kila usiku programu inapitia orodha: aliyemaliza siku zake bila malipo mapya, anafungiwa. Saa tisa na dakika tano usiku simu ikaanza. Watu wamekaa kula daku, au wako kwenye tahajudi na simu zao zinasoma kutoka mtandaoni, na neti imekatika. Watano, na wote wamelipa. Mmoja akanisomea ujumbe wake wa M-Pesa herufi kwa herufi, halafu akasema, "Kaka, kumi la mwisho hili. Nikuombee au nikushitakie?"

Niliwafungulia kwa Winbox, kwa kidole, kama zamani.

Kilichotokea: TransTime, wakati wa malipo unaokuja ndani ya ujumbe, ni saa ya Afrika Mashariki. Seva yangu inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Mimi niliuchukua wakati ule ulivyo na kuuhifadhi kama UTC. Mtu aliyelipa saa sita na dakika arobaini usiku, yaani 00:40, akahifadhiwa kama 00:40 ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa na dakika arobaini. Ukaguzi wa usiku nao niliupanga 00:00, ya seva bila shaka, ambayo kwetu ni saa tisa kamili. Ukaguzi ukaangalia malipo yote hadi wakati huo, na malipo ya yule mtu yakaonekana ni ya dakika arobaini zijazo. Hajalipa. Mkatie neti. Waliolipa kabla ya saa sita usiku walisalimika, ndiyo maana majaribio yangu ya mchana hayakuonyesha kitu.

Na sisi tunahesabu saa kwa namna yetu. Asubuhi nilipokuwa nikimweleza bosi, nilikuwa na saa tatu kichwani kwa mpigo: ya seva, ya ukutani, na ya Kiswahili inayoanza jua likichomoza. Nilisema "saa tatu" nikimaanisha tofauti ya UTC, yeye akaelewa asubuhi. Tulizunguka hapo kitambo.

Nimerekebisha: wakati wote unahifadhiwa kwa UTC, TransTime inasomwa kama Africa/Nairobi, ukaguzi umehamia saa nne asubuhi ya kwetu. Hili la mwisho si suluhisho la programu. Ni kwamba kumkatia mtu neti usiku wa manane hakuna maana, hata kama hajalipa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempa binamu yangu aisome kazi yote. Anaandika programu Nairobi, ana miaka 24, na nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli.

Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu: "Kaka, hili faili linaloitwa bili_mpya2_SAWA ndilo linalotumika, au ni lile la bili_mpya2_SAWA_kweli?"

"La kweli."

"Na nenosiri la ruta liko mstari wa kumi na mbili."

"Nitalifuta."

"Ukilifuta leo bado liko kwenye historia ya Git, kaka. Libadilishe kwenye ruta zenyewe."

Ruta kumi na nne. Nimezibadilisha zote jioni, na nenosiri sasa linakaa kwenye faili la mazingira lisiloingia kwenye Git, ile kumbukumbu ya kila toleo la programu.

Tulibishana kuhusu majaribio. Yeye anataka kila kitendakazi kiwe na jaribio lake lililoandikwa, linaloendeshwa kabla sijapeleka chochote kwenye seva. Mimi nikamwambia miaka tisa nimefanya kazi kwa kubadilisha, kuangalia, na kurudisha kama kumeharibika. RouterOS ina hali ya usalama kabisa kwa ajili hiyo: ukijifungia nje, mabadiliko yanarudi yenyewe. Akasema, "Na wale watano wa Likoni, walirudi wenyewe?"

Jaribio la kwanza nililoandika ni la malipo ya saa sita na dakika arobaini usiku.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka, ofisi imefungwa, na mimi nimo ndani. Sehemu hii sikuitarajia na imeniteka kuliko zote: kile mteja anachoandika pale M-Pesa inapomwomba namba ya akaunti.

Akaunti zetu zina sura hii: KIS-0147. Herufi tatu za mtaa, kistari, tarakimu nne. Nimepakua malipo ya miezi mitatu. Kuna KIS 0147, kis0147, KIS-O147 yenye herufi O badala ya sifuri, Kis147, 147. Kuna "neti". Kuna "wifi ya mama". Mmoja ameandika namba ya kitambulisho chake. Mwingine, kila mwezi bila kukosa, anaandika "asanteni". Dada wa hesabu anamjua huyo "asanteni" na humwekea alama kwa mkono. Amefanya hivyo miaka minne na hajawahi kulalamika. Programu haimjui.

Namba ya simu ya mlipaji huja imefichwa, kwa hiyo siwezi kumtambua kwa hiyo. Na si lazima iwe yake: mwenye nyumba analipia wapangaji sita.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kijanja. Kama akaunti haipo, tafuta inayofanana nayo zaidi. Lilifanya vizuri siku mbili. Siku ya tatu mtu akaandika KIS-1047, akaunti isiyopo, akimaanisha 0147, na programu ikampa mwezi wake jirani wa 1041. Jirani hakusema kitu, kama unavyotarajia. Ujanja nimeufuta. Sasa naondoa nafasi na vistari, nageuza herufi kubwa, naigeuza O kuwa sifuri kwenye sehemu ya tarakimu peke yake, na kama haijapatikana akaunti moja kamili, malipo yanaingia kwenye jedwali nililoliita mayatima, na dada wa hesabu anapata ujumbe.

Nilitaka kwenda mbali zaidi, kuongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni mwa kila akaunti. Ni hesabu ya Hans Peter Luhn wa IBM, hataza yake ni ya 1960, na ndiyo inayokagua kadi za benki. Inashika kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi. Dada wa hesabu akaniangalia. "Watu wameziandika akaunti hizo ukutani kwa kalamu ya wino. Utapita nyumba kwa nyumba?" Basi tarakimu ya tano ni ya wateja wapya tu. "Asanteni" ana safu yake mwenyewe kwenye hifadhidata. Sioni haya.

Jumanne, 29 Aprili

Masika. Stima zimepotea mnara wa Nyali jana jioni, betri zikaisha, ruta ikazima. Watu wanne walilipa wakati huo. Programu ilijaribu mara tatu, ikakata tamaa, ikaandika kosa. Ruta iliporudi saa mbili baadaye, hakuna aliyeikumbusha.

Nilianza kuongeza idadi ya majaribio, mara tatu ziwe thelathini. Nikiwa katikati nikakumbuka OSPF, lugha ambayo ruta huelezana njia. Ruta zinazozungumza OSPF zinaendelea kuambizana hali ilivyo, na hata kama hakuna kilichobadilika, kila dakika 30 tangazo linatolewa upya. Aliyekuwa amelala atalikuta.

Nimebadilisha muundo. Hifadhidata inasema kila mteja anatakiwa awe katika hali gani. Kila dakika mbili programu inauliza ruta hali ilivyo kwa kweli, inalinganisha, na inarekebisha panapotofautiana, na mteja akiwa sawa haimgusi. Foleni ya malipo imebaki kwa ajili ya haraka, lakini hata ikipoteza kitu, ulinganishi utakiokota. Nimefuta mistari 140 na kuandika 60. Sikujua kufuta kunaweza kupendeza hivi.

Jumatano, 14 Mei

Ruta ya Mtwapa haikubali. Nyingine zote kumi na tatu zinajibu API kwa sekunde isiyotimia; Mtwapa inaning'inia hadi muda wa kusubiri unaisha. Ping, jaribio la kama ruta inaitika, inapita. SSH inaingia. Winbox inafunguka. HTTPS pekee ndiyo inakufa. Binamu ameshauri niongeze muda wa kusubiri kutoka sekunde 10 hadi 60. Nikaongeza, ikaning'inia sekunde 60.

Nikawasha tcpdump, inayoonyesha kila pakiti, kwenye seva. Salamu ya kwanza ya TLS, usimbaji wa HTTPS, inatoka. Ruta inathibitisha kuipokea. Halafu kimya. Nilipoona kimya kile nilitabasamu peke yangu, maana nimewahi kukiona kwenye nyumba za wateja mara mia. Pakiti ndogo zinapita, pakiti kubwa zinamezwa. Salamu ni ndogo. Jibu la ruta limebeba cheti, nalo linajaza pakiti.

Njia ya Mtwapa inapitia handaki mbili, njia za siri juu ya mtandao, moja ndani ya nyingine: WireGuard kutoka seva hadi ofisini, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) baiti 1420, kisha handaki jingine juu ya laini ya kukodi. Nikapima kwa ping iliyokatazwa kugawanywa: baiti 1380 zinapita, 1420 hazipiti. Hilo peke yake si dhambi, ruta iliyo katikati inatakiwa itume ujumbe wa ICMP, aina ya 3 msimbo wa 4, kumwambia mtumaji apunguze. Ujumbe huo ulikuwa unatupwa na kanuni moja ya ukuta wa moto inayoruhusu ping na kukataa ICMP nyingine zote. Kanuni ina maelezo yake pembeni, pamoja na tarehe ya 2019 na herufi za kwanza za jina langu.

Nimeiruhusu ICMP hiyo, nimebana MSS, kipimo cha data kwenye kila pakiti, kwenye handaki, na Mtwapa ikajibu. Binamu alitaka nimweleze tena polepole. Nilimchorea kwenye karatasi na kumpigia picha. Muda wa kusubiri nimeurudisha sekunde 10.

Jumapili, 1 Juni

Wiki iliyopita nilifanya usaili wa kazi ya uandishi wa programu, kampuni ya Nairobi, kwa video. Swali la kwanza: geuza orodha ambayo kila kipengele kinakijua kinachofuata tu, cha mwisho kiwe cha kwanza. Nilipotea kwenye kipengele cha pili. Swali lingine: ukurasa unafikaje kwenye simu ya mtu kutoka kwenye seva? Nilianza na DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, na walinikatiza nikiwa bado niko kwenye foleni za mnara. Hawakunichukua. Sikukata tamaa sana. Ile orodha nimeigeuza mara kadhaa tangu hapo, nikiwa kwenye matatu, kwenye karatasi.

Bosi aliposikia (Mombasa ni kijiji) aliniita. Hakugomba. Alitoa karatasi ya Mei: laini zilizofunguliwa kwa mkono ni 9, zote za mayatima. Tumekubaliana siku tatu za programu na mbili za minara, na kijana mpya anafundishwa kupanda. Mshahara umesogea kidogo. Jina la kazi halijabadilika. Nimeliomba kwa maandishi.

Jumanne, 24 Juni

Kampuni nyingine ndogo, upande wa Kilifi, wanataka kutumia mfumo wetu kwa wateja wao, na bosi amekwisha kusema ndiyo. Leo nimezungumza na fundi wao. Anataka orodha ya malipo irudi kwa kurasa, na sehemu ya "jina" igawanywe mara mbili. Maombi ya haki. Lakini nikibadilisha hivyo, programu ya simu anayotumia dada wa hesabu itavunjika siku hiyo hiyo, kwa sababu nilipoanza sikuweka namba ya toleo kwenye njia yoyote. Binamu alinionya Aprili. Niliona ni mbwembwe.

Sasa nahamishia kila kitu chini ya /v1, njia za zamani zikiendelea kuitika hadi Agosti. Njia ziko kumi na saba. Nimemaliza sita, na ya saba, ile ya mayatima, ina jaribio linaloshindwa na bado sijaona kwa nini. Kesho ni siku ya mnara, Bamburi, kioo cha antena kimelegea kwa upepo.